Mizani ya Kupima Kinga: Dawa ya Ebola Ikifika Arua, Nani Ataithibitisha?

Msomaji wa Aroi, wa Arua mjini au wa Koboko hana haja ya kuonyeshwa Ariwara kwenye ramani. Ni mji wa soko ulio ng'ambo ya mpaka, katika mkoa wa Ituri nchini Kongo, na watu wetu huenda huko na kurudi kama mtu aendaye kwa jirani kuomba moto. Ndiyo maana habari iliyotoka huko mwishoni mwa Juni 2019 iliwashitua wengi. Tarehe 30 ya mwezi huo alithibitishwa katika Ariwara mgonjwa wa Ebola.

Hadi siku hiyo mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ulikuwa ukisimuliwa hapa kama jambo la Beni, Butembo na Mangina, miji iliyo zaidi ya kilomita 400 kusini. Sasa mtu mmoja aliyekuwa amehusiana na wagonjwa wa Beni alikuwa amesafiri na ugonjwa wake hadi mlangoni petu. Katika vituo vya mpakani wasafiri walinawishwa mikono na kupimwa joto la mwili, na wauguzi wakawekwa tayari. Kwa bahati njema ugonjwa haukuvuka kuingia West Nile. Lakini mlipuko huo ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umewapata watu 3,470, na 2,287 kati yao walikuwa wamekufa.

Hofu ya siku zile inakumbukwa na wengi. Kinachokumbukwa na wachache ni kwamba katikati ya msiba ule ndipo dawa ya kutibu Ebola ilipopatikana, na ilipatikana huko huko Kongo ya mashariki. Jaribio lake lilipewa jina la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha, kwa kifupi PALM. Lilianza Novemba 2018, likawapokea wagonjwa 681 na kulinganisha dawa nne. Agosti 2019 wasimamizi walilisimamisha kabla ya muda wake, kwa sababu dawa mbili zilikuwa zimekwisha kuzipita nyingine waziwazi. Kati ya kila wagonjwa 100 waliopewa dawa iitwayo mAb114 walikufa 35, na kati ya waliopewa ile iitwayo REGN-EB3 walikufa wasiozidi 34; ilhali katika makundi mawili mengine walikufa karibu nusu au zaidi ya nusu. Kwa mgonjwa aliyewahi kufika hospitali virusi vikiwa bado vichache mwilini, hatari ya kufa kwa kutumia mojawapo ya dawa hizo mbili ilishuka hadi karibu 10 katika 100. Anayekumbuka Kikwit ya mwaka 1995, ambako walikufa watu 254 kati ya 315 waliougua, atafahamu uzito wa tarakimu hizo.

Na Kikwit ndiko hadithi ya dawa yenyewe inakoanzia. Wakati wa mlipuko ule Profesa Jean-Jacques Muyembe, bingwa wa virusi wa Kongo, pamoja na wenzake waliwaongezea wagonjwa wanane damu ya watu waliokuwa wamepona. Saba kati yao walinusurika. Wataalamu wa nje hawakuridhika. Walisema wagonjwa wale walihudumiwa vizuri kuliko wenzao, na wengine walikwisha kupita siku za hatari. Hata hivyo wazo halikufa. Miaka kumi na mmoja baadaye damu ya mmoja wa wale waliopona Kikwit ilichukuliwa tena, na wataalamu wa Marekani na Uswisi wakaipekua mpaka wakapata ndani yake kingamwili moja ambayo hukishika kirusi cha Ebola na kukizuia kuingia katika seli. Kingamwili hiyo ndiyo mAb114. Desemba 2020 iliidhinishwa nchini Marekani kwa jina la biashara la Ebanga, miezi miwili baada ya REGN-EB3 kuidhinishwa kwa jina la Inmazeb. Agosti 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza zote mbili kwa wagonjwa wa Ebola ya aina ya Zaire.

Ndugu msomaji, tufikirie sasa kwamba kesho sanduku la dawa hiyo limeshushwa Arua. Ndani yake mna vichupa vyenye unga mweupe ulioganda kama kipande cha chokaa. Kila kichupa kina miligramu 400, na mtu wa kilo 60 huhitaji miligramu 3,000, yaani vichupa vinane. Unga huyeyushwa kwa maji safi, pole pole na bila kutikiswa, kisha mgonjwa hutundikiwa mara moja tu. Daktari akiinua kichupa kwenye mwanga ataona maji yasiyo na rangi, au yenye umanjano kidogo. Ataonaje kwamba maji hayo ndiyo dawa?

Kwa dawa za vidonge swali hili lina majibu yaliyozoeleka. Molekuli ya parasetamoli ina uzito wa daltoni 151, na daltoni moja ni takriban uzito wa atomu ya haidrojeni. Ni kitu kidogo kisicho na mambo mengi, na kikibadilika hubadilika waziwazi. Katika Afrika Mashariki wakaguzi wametembea miaka mingi na sanduku la maabara ndogo liitwalo Minilab, ambalo humwezesha mtu aliye mbali na mji mkuu kugundua kidonge cha malaria kisicho na dawa ndani. Kingamwili ni kitu cha namna nyingine kabisa. Molekuli yake moja ina uzito wa daltoni 150,000 hivi, mara elfu moja ya parasetamoli. Imeundwa kwa minyororo minne ya protini, miwili mizito na miwili myepesi, yenye asidi amino zaidi ya 1,300, iliyofungamanishwa kwa vifungo vya salfa na kuvikwa vishada vya sukari. Tena haitengenezwi kwa kuchanganya kemikali katika pipa. Hutengenezwa na seli hai, ambazo asili yake ni ovari ya mnyama mdogo wa jamii ya panya aitwaye hamsta, zinazolelewa katika matangi makubwa na kulishwa kama mifugo. Na mfugaji yeyote anajua kwamba ng'ombe yule yule hatoi maziwa yale yale kila siku. Joto la tangi likipanda kidogo, au chakula cha seli kikibadilika, kingamwili hutoka na sukari tofauti, au na mkia uliokatika.

Hapo ndipo linapoingia jambo nililokusudia kulieleza, nalo ni mizani ya molekuli. Wataalamu huiita spektrometa ya masi. Mwanzo wake ni Cambridge, Uingereza, ambako J. J. Thomson na baadaye Francis Aston waliitumia, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kupambanua atomu za elementi moja zilizotofautiana uzito. Kwa muda mrefu ilifaa kwa vitu vidogo tu, kwa kuwa ili kitu kipimwe lazima kielee chenyewe katika ombwe kikiwa na chaji ya umeme, na protini ukiichemsha ili ipae haipai. Inaiva kama yai. Waliolifungua fundo hili ni John Fenn wa Marekani na Koichi Tanaka wa Japani, kila mmoja kwa njia yake, na mwaka 2002 wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Njia ya Fenn ndiyo inayotumika zaidi kwa kingamwili. Dawa husukumwa katika sindano nyembamba sana yenye umeme wa nguvu kubwa, ikatoka kwa umbo la ukungu. Vitone vya ukungu hukauka vikiwa hewani, na kila molekuli hubaki peke yake, imebeba chaji kadhaa, bila kuiva wala kuvunjika. Kisha huvutwa ndani ya ombwe na kurushwa katika bomba. Zikisukumwa kwa nguvu ile ile na zikiwa na chaji sawa, molekuli nyepesi hutangulia na nzito huchelewa, kama wachukuzi wawili wanaopanda kilima, mmoja na kapu tupu na mwenziwe na gunia la mihogo. Mashine husoma muda wa kila moja kufika, na kompyuta hukokotoa uzito. Kwa kitu cha daltoni 150,000, mashine nzuri hukosea daltoni chache tu.

Jibu linalotoka si namba moja. Huwa ni mchoro wenye vilele kadhaa vilivyopangana, kama mtu anayetazama vilima vya Wati na Liru kutoka mbali. Vilele hivyo mara nyingi hupishana kwa daltoni 162, kwa sababu kishada kimoja cha sukari kina galaktosi moja zaidi kuliko kingine. Urefu wa kila kilele ukilinganishwa na mwenzake ni kama alama ya kidole ya kiwanda. Tangi jipya likitoa vilele vyenye mpangilio tofauti na vile vya dawa iliyojaribiwa kwa wagonjwa, mkaguzi ana haki ya kuuliza kwa nini. Sukari hizo si mapambo. Kupungua kwa aina moja ya sukari, fukosi, huifanya kingamwili iziite kwa nguvu zaidi seli za mwili zinazoua. Kwa dawa nyingine jambo hilo ni faida, kwa nyingine linaweza kuwa madhara.

Lakini yako makosa madogo kuliko hayo, ambayo kuipima molekuli nzima hakutoshi kuyaona. Asidi amino iitwayo asparajini, ikikaa katika joto, hugeuka polepole na kuongeza daltoni moja tu. Nani ataona daltoni moja juu ya 150,000? Ni sawa na kutafuta tembe moja ya mtama juu ya mzigo wa lori. Kwa hiyo wapimaji huikata kingamwili vipande vipande kwa kimeng'enya kiitwacho tripsini, ambacho hakikati ovyo. Hukata pale tu kinapokuta asidi amino mbili maalumu, lisini na arjinini. Kila kipande hupimwa peke yake, na juu ya kipande kidogo daltoni moja huonekana bila taabu. Methionini iliyoshikwa na oksijeni huongeza daltoni 16. Mkia wa lisini ukikatika, 128 hupungua. Mpimaji mwenye orodha ya vipande vyote husoma dawa neno kwa neno kama msahihishaji wa magazeti, na akikuta badiliko hujua liko neno la ngapi. Jambo hilo la mahali ni kubwa. Badiliko likiwa mkiani huenda lisimdhuru mgonjwa. Likiwa kwenye ncha inayomshika adui, dawa imekuwa butu.

Hata mizani yenyewe inahitaji kukaguliwa. Wazee wanakumbuka mkaguzi wa vipimo alivyopita sokoni na mawe yake ya serikali, akiyaweka juu ya mizani ya kila mwenye duka. Kwa mizani hii ya molekuli, taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitoa mwaka 2016 kingamwili maalumu ya kulinganishia, ambayo maabara yoyote duniani inaweza kuinunua, kuipima, na kuona kama namba zake zinalingana na za wengine.

Nitoke njiani kidogo. Ndugu mmoja wa mizani hii hutumika kwa kitu ambacho West Nile inakijua sana, yaani asali. Sokoni wapo wanaoijaribu kwa njiti ya kiberiti au kwa kuidondosha ndani ya maji, na walaghai wanazijua mbinu zote mbili. Lakini kaboni ya sukari ya miwa hutofautiana kidogo kwa uzito na kaboni ya nekta ya maua mengi ambayo nyuki huyatembelea, na mashine huitambua asali iliyotiwa sukari ya miwa hata ikiwa tamu namna gani.

Turudi kwenye sanduku letu. Nimesema dawa hizi mbili ni za Ebola ya aina ya Zaire. Koboko imekaa mahali ambapo Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana, na mwaka 1976 aina mbili za Ebola zilijulikana kwa mara ya kwanza katika pande mbili za jirani zetu: moja Yambuku, katika Kongo, nyingine Nzara na Maridi, katika kusini ya Sudan. Aina hii ya pili, ya Sudan, ndiyo iliyopiga Gulu mwaka 2000 ikaua watu 224 kati ya 425. Ndiyo iliyozuka Mubende Septemba 2022 na Kampala Januari 2025. Ebanga na Inmazeb hazifai kitu mbele yake. Kwa aina hiyo kuna kingamwili nyingine zilizo katika majaribio. Basi katika mkoa kama huu huenda siku moja yakawekwa katika friji moja masanduku mawili, la aina hii na la aina ile, na dawa zikishatiwa maji zote huonekana sawa. Kibandiko kikichanganywa, macho hayatasaidia. Mizani ya molekuli itasaidia, kwa kuwa mpangilio wa asidi amino ukiwa tofauti uzito nao huwa tofauti, na vipande vilivyokatwa na tripsini havifanani hata kidogo.

Hatari ya kibandiko kinachosema uongo si ya kubuni. Mwaka 2012 nchini Marekani kulipatikana Avastin bandia, dawa ya saratani ambayo nayo ni kingamwili. Haikuwa na dawa yoyote ndani. Na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya Avastin bandia iliyogunduliwa hapa hapa Uganda. Dawa ya bei kubwa, inayotundikwa kwa mtu aliye taabani, humvutia mlaghai kwa sababu mgonjwa akifa lawama huenda kwa ugonjwa.

Isidhaniwe kwamba mizani hii hujibu kila swali. Haisemi kama maji ya kuyeyushia yameingiwa na vijidudu. Haisemi moja kwa moja kama kingamwili bado inamshika kirusi. Hilo hujaribiwa kwa njia nyingine, kwa kuikutanisha na protini ya kirusi na kutazama. Na molekuli zilizoshikana mabonge kwa sababu ya joto, au kwa kutikiswa mno, huonekana vizuri zaidi kwa vyombo vingine. Mizani ni shahidi mmoja miongoni mwa kadhaa, ingawa kwa maoni yangu ndiye asiyehongeka kwa urahisi.

Tatizo letu ni kwamba shahidi huyu anakaa mbali. Mashine inayofaa kwa protini kubwa hugharimu mamia ya maelfu ya dola, hula gesi ya naitrojeni mfululizo, na pampu zake za ombwe hazipendi kuzimwa usiku wala mchana. Maabara ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, iko Kampala, karibu kilomita 500 kutoka hapa. Mwaka 2015 maabara hiyo ilipata kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani, jambo ambalo nchi nyingi za Afrika hazijalipata. Hata hivyo kwa kingamwili mpya ya dharura vipimo vizito hufanyika kiwandani, ng'ambo ya bahari, na nchi inayopokea hutegemea karatasi za kiwanda na uaminifu wa nchi iliyoidhinisha. Karatasi hizo si za kudharauliwa. Ila zinaeleza hali ya dawa siku ilipotoka kiwandani, wala hazijui lolote juu ya barabara.

Na barabara ya West Nile ina historia yake. Kwa miaka mingi mkoa huu haukuunganishwa na gridi ya umeme ya taifa; ulitegemea jenereta, na tangu mwaka 2012 bwawa dogo la Nyagak lenye megawati 3.5. Mwaka 2023 ndipo umeme wa taifa ulipofika. Mwuguzi yeyote wa hapa aliyekesha akiilinda friji ya chanjo anajua maana ya miaka ile. Ebanga na Inmazeb zote hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, wala zisigande. Ebanga ina nafuu kwa kuwa ni unga mkavu. Inmazeb ni maji, tena ni kingamwili tatu katika kichupa kimoja, na kila moja ina udhaifu wake.

Kwa hiyo mimi ningetaka mambo mawili, na wala si ya anasa. La kwanza ni kwamba kila shehena ya kingamwili inayoletwa mpakani, iwe ya Ebola, iwe ya kichaa cha mbwa, iwe ya sumu ya nyoka, itolewe vichupa viwili vitatu vya akiba, na baada ya miezi kadhaa vichupa hivyo virudishwe kupimwa, si kwa sababu ya kumshuku mtu, bali ili ijulikane kwa namba njia hii ya Kampala hadi Koboko inaifanyia nini dawa. La pili ni mashine moja nzuri ya nchi zote za Afrika Mashariki pamoja, yenye mafundi wake wenyewe. Mafundi ndio wagumu kupatikana kuliko mashine. Nimesikia ya kutosha juu ya vyombo vya bei kubwa vilivyofunikwa shuka kwa kukosa mtu wa kuvitengeneza.

Watu wa West Nile wametoa mengi kwa elimu hii ya virusi. Mwaka 1937, huko Omogo, damu ya mwanamke mmoja aliyekuwa na homa ilichukuliwa, na wataalamu wa Entebbe wakapata ndani yake kirusi kipya. Wakakipa jina la mkoa, na leo hutajwa New York na Roma na watu ambao hawajui kama kuna mji uitwao Arua. Damu ya Kikwit nayo imekuwa dawa. Vichupa vya dawa hiyo vitakaporudi huku, ndani ya sanduku litapatikana kifaa kidogo, si kikubwa kuliko kiberiti, ambacho kimeandika joto la kila saa tangu kiwandani. Mwuguzi wa zamu atakifungua kwanza kabla ya kuhesabu vichupa, na akikuta kimevuka nyuzi 8 atapiga simu Kampala kuuliza afanye nini, huku mgonjwa akingoja.